Simu Mpya Yenye Kasoro: Kudai Haki Si Kukosa Subira

 

Ndugu msomaji, maduka mengi ya simu katika miji yetu huandika chini ya risiti zao maneno haya: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Maneno hayo tumeyazoea hata yamekuwa kama sheria. Mnunuzi anaporudi siku ya tatu akiwa na simu isiyoshika chaji, au isiyosikika unapozungumza, huonyeshwa karatasi hiyo na mazungumzo huishia hapo. Wengi huondoka wakisema ni qadari, na kwamba Muislamu ni mtu wa subira.

Hoja ya makala haya ni kwamba maneno yale hayana nguvu ya kuifunika kasoro, na kwamba mnunuzi anayesimama kudai haki yake kwa njia ya heri, hata ikibidi kufika mbele ya hakimu, hajaikosa subira wala hajavunja adabu. Anajinufaisha yeye, anamnufaisha mnunuzi atakayekuja baada yake, na anamnufaisha hata muuzaji, kwani anamzuia asile kisicho halali yake.

SIMU ILIYOTAKA KUSHIKWA KWA NAMNA YAKE

Ili tulifahamu jambo hili, tuanze mbali kidogo, nchini Marekani. Huko migogoro ya simu mpya zenye kasoro imefikishwa mahakamani na kumbukumbu zake zipo wazi kwa kila anayetaka kuzisoma.

Tarehe 24 Juni 2010 kampuni ya Apple ilianza kuuza simu yake ya iPhone 4 katika nchi tano: Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Japani. Katika siku tatu za mwanzo ziliuzwa simu milioni 1.7. Bei ya simu ya daraja la chini huko Marekani ilikuwa dola 199, lakini kwa sharti la mnunuzi kujifunga kwa mkataba wa miaka miwili na kampuni ya mawasiliano ya AT&T. Yaani mtu hakununua simu peke yake, bali alijifunga pia kulipa kila mwezi kwa muda wa miaka miwili.

Antena ya simu hiyo haikuwekwa ndani kama ilivyozoeleka. Mafundi waliufanya ukanda wa chuma unaoizunguka simu kuwa ndio antena yenyewe, na katika ukanda huo mlikuwa na nafasi ndogo upande wa kushoto, karibu na chini. Kiganja cha mtu kilipoifunika nafasi ile, hasa mahali ambapo mtandao ni dhaifu, mawasiliano yalififia na pengine kukatika kabisa. Na hapo ndipo mahali ambapo mkono wa kushoto hushika mtu anapoweka simu sikioni.

Malalamiko yalianza siku ile ile ya kwanza. Mnunuzi mmoja alipomwandikia mkuu wa kampuni, Steve Jobs, jibu alilopata lilikuwa kwamba aepuke kuishika simu kwa namna ile, na kampuni yenyewe ikashauri watu waepuke kuishika kwenye pembe ile au watumie kava. Zingatia jibu hilo, ndugu msomaji. Kasoro ilihamishwa kutoka kwenye simu ikapelekwa kwenye mkono wa mnunuzi. Na kava iliyokuwa ikiuzwa na kampuni hiyo hiyo ilikuwa na bei ya dola 29, kwa hiyo aliyeuziwa kitu chenye upungufu aliambiwa anunue kitu cha pili ili kile cha kwanza kifanye kazi.

Tarehe 2 Julai kampuni ilitoa barua ikisema imegundua kwamba hesabu inayoamua idadi ya vistari vya nguvu ya mtandao kwenye kioo ilikuwa na makosa, kiasi kwamba mara nyingi vistari viwili vilizidi ukweli. Kwa maneno mengine, simu ilikuwa ikimwambia mwenyewe kwamba mtandao ni mzuri hali ya kuwa si mzuri. Tarehe 12 Julai jarida la Consumer Reports, ambalo hupima bidhaa kwa ajili ya wanunuzi na halipokei matangazo ya biashara, lilitangaza kwamba limeipima simu hiyo na haliwezi kuwashauri watu kuinunua. Siku nne baadaye, tarehe 16 Julai, Steve Jobs aliwaita waandishi wa habari. Alikiri kwamba kampuni yake haijakamilika, akatetea kwamba simu zote hupoteza mtandao zikishikwa kwa namna fulani, akasema waliopiga simu kulalamikia antena ni asilimia 0.55 tu ya wanunuzi. Kisha akatangaza kwamba kila aliyenunua atapewa kava bure hadi tarehe 30 Septemba, na asiyeridhika atarudisha simu ndani ya siku 30 na kurejeshewa fedha zake zote.

Lakini kabla ya tangazo hilo wanunuzi walikwisha kwenda mahakamani, na wa mwanzo hawakungoja hata mwezi uishe. Kesi zilizofunguliwa sehemu mbalimbali zilikusanywa pamoja katika mahakama ya shirikisho kule San Jose, jimboni California. Mwezi Februari 2012 pande mbili zilikubaliana kumaliza shauri: mnunuzi aliyepatwa na tatizo achague kupokea dola 15 taslimu au kava bila ya malipo.

Dola 15! Atasema msemaji: ikiwa hayo ndiyo matunda ya mwaka mmoja na nusu wa kesi, basi heri kunyamaza. Tutalijibu hilo baadaye. Kwa sasa tukumbuke tu mpangilio wa mambo. Jibu la kwanza lilikuwa shika simu yako vingine. Jibu la wiki ya tatu lilikuwa rudisha simu uchukue fedha zako. Kilichobadilika katikati ya majibu hayo si antena, bali ni wingi wa waliokataa kunyamaza.

KASORO SI DHAMBI, DHAMBI NI KUIFICHA

Hatusemi kwamba kila kitu kilichoharibika ni dhulma. Kazi ya mikono ya wanadamu haikosi upungufu, na simu ni chombo chenye vipande vingi vilivyotoka katika viwanda vingi. Swali la sharia halikuwa kamwe ni kwa nini bidhaa ina kasoro. Swali ni je, aliyejua alisema?

Kisa cha Mtume (S.A.W.) na muuza nafaka kinajulikana na kila aliyepita madrasa. Alipita sokoni, akatia mkono wake ndani ya rundo la chakula, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua iliyoinyeshea. Mtume (S.A.W.) hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akaonya kwa maneno mazito kwamba mdanganyifu hana nafasi katika umma wake. Kasoro ilitoka mbinguni, lakini kuiweka chini na kuifunika kwa nafaka kavu ilikuwa kazi ya mkono wa muuzaji.

Tukipima kwa mizani hiyo tutaona tofauti kati ya matukio mawili mengine ya simu yaliyotokea baada ya lile la 2010.

La kwanza ni la kampuni ya Samsung ya Korea ya Kusini. Tarehe 19 Agosti 2016 ilianza kuuza simu ya Galaxy Note 7. Baada ya wiki mbili tu, tarehe 2 Septemba, ilisimamisha mauzo na kutangaza kuwabadilishia wanunuzi simu takriban milioni 2.5, baada ya kuthibitika kesi 35 za betri kupata joto kali na nyingine kuwaka moto. Simu za badala nazo zikawaka. Mwezi Oktoba utengenezaji ulisitishwa moja kwa moja, na mamlaka za Marekani zikakataza simu hiyo kupandishwa ndani ya ndege. Januari 2017 kampuni ilieleza hadharani matokeo ya uchunguzi: betri za kiwanda cha kwanza zilibanwa pembeni, na za kiwanda cha pili zilikuwa na hitilafu za uunganishaji. Hasara ilikuwa kubwa mno, na haraka ya kutoa simu za badala kabla ya kuujua ugonjwa wenyewe ilistahiki lawama. Hata hivyo, mwenye mali aliirudisha mikononi mwake na akaeleza kilichotokea.

La pili linairudia Apple. Mwishoni mwa mwaka 2017 watu waliokuwa wakipima kasi ya simu waligundua kwamba iPhone za miaka ya nyuma zilipungua kasi baada ya kupokea programu mpya, na kwamba zikibadilishwa betri hurudi katika kasi yake. Mwezi Desemba kampuni ilikiri kwamba programu yake hupunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka, na ikaeleza kuwa lengo ni kuzuia simu zisizime ghafla. Pengine sababu hiyo ni ya kweli. Lakini mwenye simu hakuambiwa waziwazi. Aliona simu yake imekuwa nzito, akadhani imezeeka, na wako walionunua mpya ilhali betri peke yake ingetosha. Kampuni iliomba radhi tarehe 28 Desemba 2017 na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29. Mwezi Februari 2020 Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kosa la kutowajulisha wanunuzi. Mwezi Machi mwaka huo huo kampuni ilikubali kumaliza kesi ya pamoja ya wanunuzi wa Marekani kwa kiasi kisichozidi dola milioni 500, na fedha zilipoanza kuwafikia wenyewe Januari 2024 kila dai lililokubaliwa lilipata takriban dola 92.

Ona, ndugu msomaji, kwamba betri iliyowaka moto ni hatari zaidi kuliko betri iliyochoka. Pamoja na hayo, lililowaudhi watu zaidi katika kisa cha pili ni kule kufichwa. Hapo ndipo sheria za wanadamu na mafundisho tuliyoyarithi yanapokutana.

HUKUMU ILIYOTOLEWA MADINA

Wako wanaodhani kwamba kumshitaki muuzaji ni mambo ya Wazungu, na kwamba waja wema wa zamani walimalizana kwa kusameheana tu. Mwenye dhana hiyo na asome alichokihifadhi Imam Malik katika kitabu chake, Al-Muwatta.

Abdullah bin Umar (R.A.) aliuza mtumwa, kwa desturi ya zama zile, kwa dirhamu 800, akauza kwa sharti la kutowajibika kwa kasoro. Mnunuzi akarudi akidai kwamba yule aliyeuziwa ana ugonjwa ambao hakutajiwa. Hawakuafikiana, wakaenda kwa Khalifa Uthman bin Affan (R.A.). Mnunuzi akaeleza dai lake. Ibn Umar akaeleza kwamba aliuza kwa sharti lile. Uthman hakutosheka na sharti. Alimtaka Ibn Umar aape kwamba wakati wa kuuza hakuwa akiujua ugonjwa huo. Ibn Umar akakataa kuapa, akamchukua mtumwa wake. Baadaye yule mtumwa akapona, na Ibn Umar akamuuza kwa dirhamu 1500.

Tuzingatie mambo matatu. Kwanza, aliyeshitakiwa ni mtoto wa Umar bin Khattab, mtu ambaye uchamungu wake haukutiliwa shaka na yeyote. Hakuna aliyemwambia mnunuzi kwamba hana adabu kwa kumfikisha mtu kama huyo mbele ya hakimu. Pili, sharti lililowekwa katika mauzo halikuwa kikomo cha mazungumzo. Hakimu aliliruka akauliza swali la msingi: ulijua au hukujua? Tatu, muuzaji hakuonekana kudhalilika kwa kupokea mali yake, na wala hakupata hasara.

Juu ya misingi ya namna hii wanachuoni wa fiqhi wamejenga mlango mzima uitwao khiyari ya kasoro. Muhtasari wake ni kwamba mnunuzi akikuta katika kitu kasoro iliyokuwepo kabla hajakipokea, inayopunguza thamani yake kwa desturi ya wafanyabiashara, na hakuijua wakati wa kununua, ana hiari ya kukirudisha na kuchukua fedha zake zote au kubaki nacho. Wanachuoni wa Kihanbali wakaongeza kwamba akitaka kubaki nacho anaweza kudai tofauti ya thamani kati ya kizima na kibovu.

Ama lile sharti la muuzaji kujivua dhamana, ambalo ndilo babu wa maneno yetu ya kwenye risiti, wanachuoni wamekhitilafiana. Wahanafi wameliruhusu kwa upana. Lakini kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi katika pwani yetu, ni kwamba sharti hilo linamsalimisha muuzaji katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, basi. Sababu yake ni kwamba mnyama hula, hutembea na huugua pasipo mwenyewe kujua. Simu si mnyama. Haiugui zizini usiku. Basi mfanyabiashara anayejinasibu na madhehebu hayo katika sala yake na ndoa yake, anawezaje kuyaacha mlangoni pa duka lake?

MAANDISHI MADOGO NA NANI ABEBE HASARA

Huenda mtu akadhani kwamba Marekani, kwa kuwa ina mahakama nyingi na mawakili wengi, imelimaliza tatizo la masharti. Haikulimaliza. Tarehe 27 Aprili 2011 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kesi ya AT&T Mobility. Wanunuzi walitangaziwa kupewa simu bure, kisha wakatozwa dola 30 na senti 22 za kodi. Walitaka kushitaki kwa pamoja na wengine waliotozwa kama wao. Kampuni ikasema kuna kifungu katika mkataba kinachomtaka kila mteja aende peke yake kwa msuluhishi. Majaji watano dhidi ya wanne waliipa ushindi kampuni. Hoja ya wale wanne ilikuwa nyepesi kueleweka: ni wakili gani atakayejisumbua kwa dai la dola 30? Mtu mmoja akitozwa dola 30 ataziacha. Watu milioni moja wakiziacha, ni dola milioni 30 zilizohama mifukoni mwa watu bila ya haki.

Hapo ndipo tunapopata jibu la yule aliyezidharau dola 15. Si kipimo sahihi kuangalia alichopata mtu mmoja. Dhulma ya biashara ya zama zetu haichukui mali nyingi kwa mtu mmoja, huchukua kidogo kwa kila mtu, na hutegemea kwamba kila mtu atakiona kidogo chake hakistahiki tabu. Na Suratul Mutaffifin, iliyobeba onyo kali kwa wanaopunja, inazungumzia vipimo vya sokoni, mahali ambapo kinachopunguzwa kwa kila mteja huenda ni kiganja kimoja tu cha nafaka.

Kwetu Afrika Mashariki tumeona namna hasara inavyomwangukia aliye chini. Mwishoni mwa Septemba 2012 Kenya ilizima katika mitandao simu zote bandia, na Juni 2016 Tanzania nayo ikafanya hivyo. Kuziondoa simu hizo kulikuwa na sababu zake. Lakini mtu aliyenunua dukani kwa nia njema, akalipa akiamini ni simu halali, aliamka asubuhi akiwa na kipande cha plastiki mkononi. Ni wangapi waliorudi kwa aliyewauzia na kurejeshewa fedha zao? Aliyeuza alibaki na thamani, na aliyenunua akabaki na hasara. Kwa kanuni za mlango ule tulioutaja, ilikuwa kinyume chake: simu isiyoweza kutumika kwa sababu iliyokuwepo tangu siku ya kuuzwa ni mali ya kurudi kwa muuzaji.

Wala tusidhani kwamba sheria za nchi zetu zimenyamaza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, inampa mlaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara au madhara yatokanayo na kasoro. Ikafuatiwa na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Aidha, Kenya imeanzisha mahakama ya madai madogo, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 2021, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja za nchi hiyo. Tanzania inayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani na kuipa pia jukumu la kumlinda mlaji. Uingereza, wanakoishi ndugu zetu wengi, sheria iliyoanza kutumika Oktoba 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kurudisha bidhaa mbovu na kupewa fedha zake kamili. Sheria zipo. Kinachokosekana ni watu wa kuzitumia.

SUBIRA NA KUNYAMAZA NI VITU VIWILI

Tunaporudi misikitini mwetu tunakuta maneno matatu yanayowafunga watu midomo. Ni vyema tukayatazama moja moja kwa uadilifu.

La kwanza ni kwamba Muislamu asubiri. Subira ni ibada tukufu, lakini mahali pake ni penye msiba usio na mlango wa kutokea, na pia katika tabu ya kuutafuta mlango huo. Mzazi mmoja wa wanafunzi wetu, mama anayeuza maandazi, alidunduliza miezi kadhaa akanunua simu mpya ili apokee malipo ya wateja wake. Baada ya siku mbili ikawa inajizima kila inapopigwa. Duka likamwonyesha risiti. Jirani zake wakamwambia asubiri. Kwa nini subira aagizwe yeye, na asiagizwe mwenye duka asubiri faida yake ya siku moja? Kumnasihi aliyedhulumiwa anyamaze, na kumwacha aliyeshika mali ya mwenzake bila ya kumwambia neno, si nasaha. Na akitaka kusamehe, basi asamehe baada ya haki yake kutambuliwa. Hapo ndipo msamaha huwa na thamani.

La pili ni kwamba mwenye duka naye ni mnyonge, kwani amenunua kwa jumla na hawezi kuifungua kila simu. Neno hili lina ukweli ndani yake. Muuzaji wa rejareja huenda hakujua. Lakini yeye anamjua aliyemuuzia, na yule anamjua aliyeingiza mzigo, ilhali mama wa maandazi hamjui yeyote isipokuwa aliyepokea fedha zake. Kila mmoja amrudie aliye juu yake. Mnyororo huo ukivunjwa katika kiungo cha chini kabisa, mwenye kiwanda hatajua kamwe kwamba simu zake ni mbovu.

La tatu ni kwamba wanunuzi nao ni waongo. Hili pia tusilikatae. Wapo wanaoiangusha simu majini kisha wakaja wakiapa imeharibika yenyewe. Wapo wanaoitumia mwezi mzima harusini na safarini, kisha wakaja kuirudisha. Huyo naye ni mdanganyifu, na onyo la sokoni linamhusu kama linavyomhusu muuzaji. Ndiyo maana wanachuoni wetu waliweka masharti: kasoro iwe ilikuwepo kabla, na mnunuzi asikae na kitu akikitumia baada ya kuijua kasoro. Dawa ya mnunuzi mwongo ni fundi mwaminifu wa kuitazama simu, si kuwafungia mlango wanunuzi wote.

TUFANYE NINI?

Kwa mnunuzi: fungua simu mbele ya muuzaji. Ijaribu sauti, kamera, chaji na laini kabla hujatoka. Dai risiti yenye jina la duka, tarehe na namba ya utambulisho ya simu, na ulinganishe namba hiyo na ile unayoipata ukibonyeza *#06#. Hifadhi boksi. Ukiiona kasoro, acha kuitumia na urudi siku hiyo hiyo au inayofuata, kwani katika madhehebu ya Shafi kuchelewa bila ya udhuru hupoteza haki ya kurudisha. Zungumza kwa upole. Ukikataliwa, andika barua fupi yenye tarehe na ubaki na nakala. Kisha tafuta mtu mwadilifu kati yenu, imamu au mzee wa soko. Ikishindikana, nenda kwenye mamlaka za kisheria bila ya haya. Na mkiwa kumi mliouziwa aina moja ya simu yenye ugonjwa mmoja, nendeni kumi.

Kwa mfanyabiashara anayesimama nasi safu moja: yafute maneno yale kwenye risiti zako. Badala yake andika kwamba bidhaa yenye kasoro itapokelewa ndani ya siku ulizoziainisha, na utimize. Simu iliyowahi kufunguliwa, au iliyotengenezwa upya, iseme kuwa ni hivyo na uipunguzie bei. Utapoteza faida kidogo leo, lakini watu watajua kwamba kuna duka ambalo neno lake ni amana.

Kwa maimamu na walimu wenzangu: tunasomesha twahara na sala kwa miaka, na hilo ni wajibu. Lakini mlango wa mauzo katika vitabu vyetu tunaupita haraka kana kwamba ni wa watu wengine, ilhali vijana wetu wakitoka madrasa wanakwenda moja kwa moja kusimama nyuma ya meza za maduka. Khutba moja katika miezi mitatu juu ya khiyari ya kasoro haitatupunguzia kitu. Na kamati ya msikiti inayosuluhisha ndoa inaweza pia kukaa, na fundi mmoja pembeni, kusikiliza shauri la simu ya shilingi laki mbili. Kwa aliyeitoa, laki mbili hizo huenda ni jasho la nusu mwaka.

Kampuni kubwa kuliko zote zilipobanwa zilirudisha fedha, zikaomba radhi au zikakusanya mali yao. Hazikufanya hivyo kwa sababu ni njema kuliko wafanyabiashara wetu. Zilifanya kwa sababu wanunuzi walisema, wakaandika, wakaungana, na palikuwa na hakimu wa kuwasikiliza. Sisi tunayo hayo, na juu yake tunayo hukumu ya Madina ambapo hata Ibn Umar aliulizwa: ulijua au hukujua? Swali hilo na liulizwe katika maduka yetu.

Wabillahi tawfiq.